Je, mtoto wa jicho hurudi baada ya upasuaji?

SWALI: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi bandia miaka miwili iliyopita. Aliona vizuri hata akarudia kusoma msahafu, lakini sasa analalamika kwamba ukungu umerudi na taa za magari humsumbua usiku. Jirani anadai lenzi imeharibika na lazima itolewe. Je, ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ugonjwa wa mtoto wa jicho haurudi katika jicho lililokwisha kufanyiwa upasuaji, kwa sababu lenzi ya asili iliyoingia ukungu imeshaondolewa, na lenzi bandia yenyewe ni nadra kuharibika. Dalili unazozieleza hutokana mara nyingi na kifuko chembamba kilichokuwa kikifunika lenzi ya asili, ambacho daktari hukibakiza ili kiishike lenzi bandia. Hata kikisafishwa kwa uangalifu mkubwa, baadhi ya seli hubaki kwenye kingo zake, nazo baada ya miezi au miaka huzaliana na kutambaa hadi kwenye ukuta wa nyuma wa kifuko, ambao hupoteza uangavu wake. Si kosa la daktari wala la mama.

Tiba yake, inayotumika tangu miaka ya 1980, ni leza iitwayo YAG. Mgonjwa hutiwa dawa ya matone ya kupanua mboni, huketi na kuegemeza kidevu kwenye mashine, kisha daktari hutoboa tundu dogo katikati ya ukuta huo kwa mipigo mifupi ya leza. Kazi huchukua dakika chache, haina kisu wala nyuzi, na kwa kawaida haina maumivu. Mama atarudi nyumbani siku hiyo hiyo, ila asiende peke yake, kwa kuwa mboni iliyopanuliwa huifanya nuru imchome.

Hata hivyo, msikimbilie leza kabla jicho halijapimwa lote. Ukungu wa mzee mwenye kisukari waweza kutoka kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, na presha ya macho nayo hupunguza uoni polepole. Isitoshe, ukuta ukishatobolewa, kubadilisha lenzi huwa kugumu zaidi. Kwa hiyo daktari anapaswa kujiridhisha kwamba tatizo haliko kwenye lenzi yenyewe.

Baada ya tiba, vidoa vinavyoelea machoni kwa siku kadhaa havitishi. Presha ya jicho huweza kupanda kwa muda, ndiyo maana huenda akapimwa tena kabla ya kuondoka. Hatari kubwa, ijapokuwa hutokea kwa wachache, ni kubanduka kwa retina. Ukungu wenyewe unaweza kusubiri miadi. Lakini mama akiona ghafla vimulimuli, vidoa vingi vipya au kivuli mithili ya pazia upande mmoja, mpelekeni kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.