Jibu: Je, Milki ya Osmani ilianguka kwa kuacha utamaduni wake?
Ndugu, umeuliza kama Waosmani, watawala wa ile milki kubwa ya Waturuki, walianguka kwa kuacha mila zao. Mimi naona kushindwa ndiko kulikotangulia. Mwaka 1774 Urusi iliwashinda vitani, rasi ya Crimea kwenye Bahari Nyeusi ikawatoka mkononi. Mageuzi makubwa yalikuja baadaye: 1829 Sultani Mahmud II aliwaamuru watumishi wa serikali wavue vilemba, wavae tarbushi. Wapo walioipinga kwamba ni ugeni, lakini ilizoeleka mpaka ikawa alama ya Mwosmani; Atatürk, rais wa kwanza wa Jamhuri ya Uturuki iliyofuata milki hiyo, alipoipiga marufuku mwaka 1925, watu wakaandamana kuitetea, na wengine wakanyongwa! Kilichowabana Waosmani hasa ni madeni. Walishindwa kulipa 1875, na kuanzia 1881 wadai wa Ulaya wakawa wanakusanya wenyewe ushuru wa chumvi na hariri.