Semina ya kwanza ya mwanafunzi wa uzamili

SWALI: Mhariri, ninasomea uzamili wa kemia mjini Kampala, na muhula ujao nitaongoza semina za mwaka wa kwanza ingawa sijawahi kufundisha. Nijiandae vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza mwombe mhadhiri wa somo hilo muhtasari wa kozi, mitihani iliyopita na mwongozo wa kusahihisha. Wanafunzi wengi wametoka kidato cha sita, ambako walizoea kunakili maelezo ya mwalimu wakijiandaa kwa UACE, mtihani wa taifa wa Uganda wa kumaliza kidato hicho, kwa hiyo ukiwauliza kama wameelewa, watakuitikia kwa adabu kwamba wameelewa. Wape badala yake hesabu moja ya moli (kipimo cha kiasi cha dutu katika kemia), waifanye wawili wawili kwa dakika chache, nawe upite kati ya madawati ukisoma makosa yao, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokuonyesha cha kufundisha. Usahihishaji, ambao wengi huudharau, unahitaji makubaliano: sahihisha na wenzako karatasi chache zile zile kabla ya kugawana rundo, ili alama zilingane. Usipojua jibu, ahidi kulileta kipindi kijacho, na ulilete kweli. Kuhusu malipo, omba makubaliano ya maandishi kabla muhula haujaanza.