Kijiti kilishindwa, mtoto bado ni wa wawili

Ndugu, unasema mtoto hakuhusu kwa sababu mwanamke alikuambia ana kijiti, kile cha kuzuia mimba kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kisha akapata mimba. Hapana, kusema "aliniambia ana kijiti" hakumwondolei baba jukumu. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 53(1)(e), inawapa mama na baba wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Haiulizi mimba ilipangwa na nani. Akikana, kesi inakwenda Mahakama ya Watoto na hakimu anaweza kuagiza vipimo vya DNA. Kiasi cha matunzo hakimu hupima kwa mapato ya wazazi wote wawili, si ya baba peke yake.

Na jamani tusimwite dada wa watu mwongo. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Nyalenda, Kisumu. Nimeshika mkono wa mama mjamzito, vijiti viwili vipo palepale chini ya ngozi, unavigusa kwa kidole. Alikuwa anameza dawa za kifua kikuu. Mojawapo ya dawa hizo, rifampicin, hupunguza nguvu ya vijiti, vilevile efavirenz kwa walio kwenye ARV, yaani dawa za virusi vya UKIMWI. Ukipewa dawa hizo mwambie muuguzi mapema mtafute njia nyingine, kama koili, ile inayowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Dawa yenyewe usiache.