Jibu: Mpira unaruka ovyo nikipokea

Karibu kwenye voliboli, ndugu. Umeuliza mambo mawili: kwa nini mpira unaruka ovyo ukiupokea, na timu inaruhusiwa kuugusa mara ngapi.

La pili ni jepesi. Mara 3, kisha uvuke wavu, na mchezaji mmoja haruhusiwi kuugusa mara 2 mfululizo. Mguso wa kuzuia pale wavuni hauhesabiwi; hapo wengi huchanganyikiwa.

La kwanza ndilo lenye kazi. Kwa unavyoeleza, unaupiga mpira badala ya kuupokea. Acha kurusha mikono. Shikanisha viganja, vidole gumba vilale sambamba vikielekea chini, viwiko vinyooke kabisa. Mpira utue ile sehemu bapa ya ndani, juu kidogo ya vifundo vya mikono, si kwenye vidole gumba. Mikono yako ni kama meza: mpira utakwenda upande meza ilikoinamia. Mpangaji wenu, yule anayemwandalia mshambuliaji mpira, akiwa kulia kwako, shusha bega la kulia kidogo tu.

Halafu miguu, jamani, miguu! Kunja magoti kabla mpinzani hajaanzisha, wahi kufika nyuma ya mpira, tulia, ndipo upokee. Mpira uliokuja kwa kasi hauhitaji nguvu yako hata kidogo. Ule wa polepole unausukuma kwa kunyanyuka magotini.

Fanya zoezi na mwenzako, mita 4 hivi. Yeye arushe kwa mikono, wewe umrudishie juu ya kichwa chake. Ukiweza bila yeye kusogea, mwambie aanze kukurushia pembeni.