Jibu: Aanze na Bruce Lee au Jackie Chan?

Ndugu yangu, umeuliza mdogo wako aanze na filamu za kung fu za nani kati ya Bruce Lee na Jackie Chan. Mimi nasema Jackie, tena Police Story ya 1985. Mtazameni mle ndani ya jengo la maduka: anaruka toka juu, anaudaka mlingoti uliozongwa taa za umeme, anateremka nao huku balbu zikipasuka mpaka chini. Mikono iliungua kweli, wallahi. Na msizime mapema! Majina yakianza kupita mwishoni ndipo wanapoonyesha walivyokosea na walivyoumia. Huku kwetu Mombasa wengi huinuka wakati huo, wakakosa utamu wenyewe.

Bruce Lee simvunjii heshima hata kidogo. Alifariki Julai 1973, ana miaka 32 tu, na hadi leo watoto wa Majengo wanamuiga ule ukelele wake. Kasi ile hana mwenzake. Ila filamu zake kubwa ni chache, mtazimaliza upesi.

Mwigizaji Michelle Yeoh naye msimsahau. Katika Police Story ya tatu, 1992, aliruka na pikipiki akatua juu ya treni inayokwenda. Dada yule namvulia kofia.