Acheni Kumwamuru Mtoto Acheke

Juzi nilipita dirishani kwa darasa la Mido, lile la kati la chekechea, nikasikia, "Wote, meno nje! Moja, mbili, tatu!" Mwalimu mpya alikuwa akiwapanga watoto wapigwe picha ya 20 Machi, Siku ya Furaha Duniani. Watoto kama 40 wamekenua, na mmoja nyuma anapiga mwayo mkubwa kama wa paka aliyeshiba. Mwalimu akamkemea huyo wa mwayo. Niliona niwaandikie nyote mlioanza kufundisha muhula huu, wadogo zangu, kwa sababu kosa hilo nilishalifanya mimi, na matokeo yake niliyaona kwa macho yangu.

1. Simameni mlangoni kabla ya kengele. Inama hadi macho yenu yalingane, mtaje mtoto kwa jina, mchekee wewe kwanza. Basi.

2. Msigawe nyota kwa sababu ya tabasamu. Hapa nitakaa kidogo.

Chekechea za Uganda zilifunguliwa 10 Januari 2022, baada ya kufungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona. Mnakumbuka Bebi, darasa la wadogo kabisa, ya mwaka ule: wa miaka mitatu na wa miaka sita kwenye mkeka mmoja, wengi hawajawahi kumwona mwalimu. Nilikuwa hapa hapa Kyangwali, kwenye makazi ya wakimbizi. Nikachora jua lenye uso kwenye manila, nikakata nyota za karatasi. Kila asubuhi, anayecheka anabandikwa nyota kifuani. Asiyecheka asubiri kesho.

Kulikuwa na binti wa miaka mitano, jamaa zake walivuka Ziwa Albert kutoka Ituri, Kongo. Aliishi na bibi yake. Alikuwa mtulivu, anatazama kila kitu, lakini hacheki. Siku ya nne nikamsimamisha mbele, nikawaambia wenzake wamsaidie. Darasa zima likaanza na makofi: "Cheka! Cheka! Cheka!" Alitazama mlango. Kisha akakenua, meno yote nje, macho yamesimama. Nikambandika nyota, na kwenye maandalio yangu nikaandika kwamba lengo limefikiwa.

Tangu siku hiyo kila nilipomkaribia alikenua. Ameanguka kwenye kokoto, goti linatoka damu, anakenua. Amenyang'anywa kikombe cha uji, anakenua. Nami nilimpeleka kwa mwalimu mkuu, nikamwonyesha jinsi mtoto alivyobadilika.

Wiki iliyofuata, Jumatatu na Jumanne, hakumaliza uji wala hakutoka kucheza. Nilipopita alinipa meno yake, nikampa nyota yake. Jumatano hakuja. Alhamisi bibi yake alifika na shati la shule mkononi, nyota mbili bado zimeganda kifuani. Mtoto alikuwa na malaria, homa ilimshika tangu Jumapili usiku. Bibi yule hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, uyu mutoto mulimufundisha nini? Banamuchoma kidole, yeye anaonyesha meno."

Sikuwa na jibu. Angelia Jumatatu ile, ningemgusa paji la uso na kumpeleka kliniki siku hiyo hiyo. Hakulia kwa sababu nilishamwonyesha kwamba kwa mwalimu, uso mmoja tu ndio unaolipwa. Wengine mnajivunia kwamba hamshiki fimbo, na ni haki, viboko shuleni vimekatazwa kwa sheria hapa Uganda tangu 2016. Lakini mimi sikumgusa mtoto yule hata kwa kidole.

Alipona. Nilibandua lile jua. Kila aliponiletea meno nilikaa chini nikamwambia, "Si lazima. Leo unaumwa wapi?" Ilichukua muhula mzima. Siku moja kuku wa jirani akaruka juu ya meza yangu, akatumbukiza mdomo kwenye uji wangu, na nyuma yangu nikasikia sauti nisiyoijua. Ni yeye, amejikunja kwenye mkeka, macho yamefumba kwa kicheko, anapiga kelele, "Mwalimu, kuku anakunywa uji yako!" Nilimwachia kuku uji wote.

3. Jifunzeni kusoma macho. Mganga Mfaransa, Duchenne, aliandika mwaka 1862 kwamba misuli ya mdomo hutii amri, lakini ile inayozunguka jicho huamshwa na furaha ya kweli. Mdomo ukicheka na pembe za macho zimelala, chunguza tumbo, homa, njaa, nyumbani.

4. Kwenye duara la asubuhi ulizeni, "Leo moyo ukoje?" na mpokee kila jibu. Hasira ni jibu. Kulia ni jibu. Wiki jana mmoja wa Topu, darasa la wakubwa, alinijibu kwamba moyo wake unataka chapati.

5. Mnapochora nyuso kwenye chati, chora na ya huzuni, na ya woga, zote ziwe za ukubwa mmoja. Mtoto mchanga huanza kumchekea mlezi wake akiwa na wiki sita hivi hadi nane, na hata aliyezaliwa haoni hutabasamu. Kwa hiyo kabla hajafika kwetu kucheka anajua. Asichojua ni kama kwetu anaruhusiwa kununa.

Na wewe mwalimu wa Mido, ile picha yenye mwayo usiifute. Nipe nakala, nataka kuibandika ofisini.