Themostati imetolewa, mbona gari bado linachemsha?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla Fielder, injini ya 1NZ, otomatiki. Mwaka jana ilichemsha kwenye foleni ya Kimara, Dar, fundi akatoa themostati akasema nchi yetu ya joto haina haja nayo. Sasa nimehamia Mbeya. Asubuhi mshale wa joto hauinuki mpaka nakaribia kazini, hita haitoi joto, na mafuta inakula kuliko zamani. Cha ajabu, nikipandisha Kitonga nyuma ya malori mshale unakimbilia kwenye nyekundu. Nirudishe themostati ya kawaida, au nitafute inayofunguka mapema, ya nyuzi 76?

JIBU: Marahaba. Rudisha, na iwe ya kawaida, ya 82. Gari lako haliumwi magonjwa mawili. Baridi ya asubuhi na moto wa Kitonga vinatoka kwenye tundu hilohilo lililoachwa tupu.

Mafundi wengi wanaiona themostati kama kizibo kinachokaba maji. Ya 1NZ ina milango miwili kwenye mti mmoja. Mlango mkubwa unaelekea kwenye rejeta. Chini yake kuna kisahani kinachoziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Katikati kuna kikopo kidogo chenye nta. Nta ikipata moto, kati ya nyuzi 80 na 84, inavimba na kusukuma mti: mlango mkubwa unafunguka, kisahani kinaziba mkato. Ukiitoa, milango yote miwili inabaki wazi saa zote. Asubuhi maji yanakimbilia kwenye rejeta kabla injini haijapata joto, kompyuta inadhani bado ni baridi na kuendelea kumimina mafuta, tena inachelewesha overidraivi, yaani gia ya juu kabisa. Kitonga mambo yanageuka: mwendo mdogo, mzigo mkubwa, na sehemu ya maji ya moto inapita mkato na kurudi ilikotoka bila kupozwa. Ndiyo maana huwa nasema hiyo "tiba" inapoza gari lisilohitaji kupozwa na kuliunguza linapohitaji.

Ya 76 haitakusaidia. Themostati inaamua injini ianze kupozwa lini. Haiongezi uwezo wa rejeta. Kama rejeta imeziba, utachelewa kidogo tu kufika kwenye nyekundu.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo: nani alijua kilichochemsha gari Kimara? Kuchemsha kwenye foleni, gari likiwa limesimama, mimi huanza na feni. Acha injini iungurume mpaka ipate moto, uone kama feni inawaka yenyewe. Kisha mfuniko wa rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa: mpira ukiwa umepasuka au springi imelegea, presha haishiki na maji yanachemka mapema. Tazama pia rangi ya maji. Yakiwa kama chai ya rangi, umekuwa ukijaza ya bomba, na kutu hiyo ndiyo inayogandisha themostati. Nimewahi kutoa moja ambayo springi yake ilikuwa imeshikana na ganda la kutu. Niliisukuma kwa bisibisi ikakataa kusogea.

Kuifunga si kazi ngumu ila inataka subira, kwa sababu kwenye 1NZ imejificha nyuma ya alteneta. Mwaga maji, toa belti na alteneta, utaona kikombe kilichoshikwa na nati mbili. Nunua na mpira mpya wa pembeni; wa zamani usirudishwe. Kwenye ukingo wa themostati kuna kitundu chenye kipini kinachochezacheza: kikae juu, kwa sababu hewa inatokea hapo. Nimeona watu wakikiweka chini, kisha wanalaumu spea.

Kujaza ndiko wengi wanakoharibu. Tia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, polepole, mfuniko ukiwa wazi tangu injini ya baridi na hita ikiwa kwenye joto la mwisho. Washa, ongeza kila maji yanaposhuka. Shika paipu ya chini ya rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Hiyo ndiyo inayosema ukweli kwenye injini hii, maana themostati iko upande wa maji yanayoingia. Itabaki ya baridi muda mrefu, kisha ghafla itapata moto: imefunguka. Mapovu yakiisha, funga. Kesho asubuhi, kabla hujawasha, angalia kiwango tena.

Kama fundi wa Dar bado anayo ile ya zamani, ichukue. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, uyachemshe. Nzima itafunguka, na ikitolewa itafunga. Kumbuka tu kwamba Mbeya iko juu, maji yanachemka kama nyuzi 94, na uwazi wa milimita 8 hivi unaotakiwa na Toyota unapimwa kwenye 95. Ikipungukiwa kidogo usiitupe kwa hilo. Na ikifunguka vizuri, jua kwamba haikuwa na kosa tangu Kimara. Rudi kwenye feni.